Nikipata D, Mungu Bado Atanitaka?

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Mhubiri: Mchungaji Msaidizi
Andiko: Marko 5:21-43

 

Wapendwa, muhula wa tatu ndio huu. Wiki hizi tutaitwa shule nyingi kwa siku za maombi ya watahiniwa wa KCSE. Tutabeba mafuta, tutaombea kalamu na rula, tutaweka mikono juu ya vichwa vya watoto, halafu tutarudi nyumbani tukisema Mungu ametenda. Huduma hiyo naipenda na sijaja kuipinga. Lakini kabla hatujaenda mwaka huu, nina jambo la kutubu mbele yenu, kwa sababu mwaka jana nilienda nikakosea.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana. Sitaitaja jina, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha kwa sababu mtaisikia baadaye. Nilihubiri kuhusu Danieli na wenzake, waliopatikana bora mara kumi kuliko wengine. Nikawaambia wasichana wasimame, kila mmoja atangaze alama yake kwa imani. Ukumbi ukalipuka: "A! A! A!" Tulipoingia kwenye maombi, wakaanza kulia. Wengine walianguka, wengine walitetemeka, na kilio hicho kikaendelea karibu saa nzima. Moyoni nikasema, leo moto umeshuka.

Baadaye nilikuwa nanawa mikono nje ili nikanywe chai. Matroni mmoja, mama wa makamo, akanikaribia polepole. Akaniambia, "Pasta, asante kwa neno. Lakini wasichana hawa wamechoka. Wanaamka saa kumi na nusu alfajiri, na taa zinazimwa saa nne na nusu usiku. Wengi wao hawana mahali pa kulia. Bwenini akilia anachekwa. Darasani akilia anaulizwa maswali. Kwenye maombi ndipo mtu anaweza kulia na hakuna anayemuuliza ana nini."

Wapendwa, sisemi Roho Mtakatifu hakuwepo. Nasema kwamba mimi sikuwauliza wana nini.

Nilipokuwa naelekea kwenye gari, msichana mmoja wa kidato cha nne akanifuata, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Akasema, "Pasta, naomba kuuliza swali. Nikipata D, Mungu bado atanitaka?"

Mimi, mtumishi wa Mungu, nikamjibu kwa ile sauti ya madhabahuni: "Hutapata D, kwa jina la Yesu!" Akasema, "Amina. Asante, Pasta." Akageuka, akaenda.

Nilikuwa nimefika barabara kuu ndipo nikalisikia swali lenyewe. Hakuniuliza atapata alama gani. Aliniuliza kama atapendwa. Nami nilichukua maombi nikayatumia kumfunga mdomo. Sikulala vizuri usiku huo, na ndiyo maana leo tunasoma Marko 5.

Msichana wa miaka kumi na miwili

Hadithi mnaijua. Yairo, mmoja wa wakuu wa sinagogi, ana binti mgonjwa mahututi. Anamwendea Yesu. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili anagusa vazi la Yesu, na msafara wote unasimama. Wakiwa hapo, habari inakuja kwamba msichana amekufa. Yesu anaendelea hadi nyumbani, anawatoa nje watu waliokuwa wanamcheka, anaingia na wazazi na wanafunzi watatu, anamshika binti mkono, naye anainuka na kutembea. Marko anatuambia umri wake: miaka kumi na miwili. Hapa kwetu huyo ni mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi. Miaka michache tu na angekuwa bwenini.

Nataka tuone mambo manne ambayo Yesu alifanya, kisha turudi kwa swali la yule msichana.

1. Alimsikiliza baba aliyekubali kusema kwamba nyumbani si kuzuri

Yairo alikuwa mtu wa cheo. Watu wa cheo wana kawaida ya kuficha. Lakini Marko anasema alianguka miguuni pa Yesu mbele ya umati na kusihi sana, tena kwa ajili ya msichana, binti yake mdogo.

Wababa, wacha niwaulize. Mara ya mwisho kuongea na mtu juu ya moyo wa binti yako ni lini? Sisemi karo yake. Tunajua salio la karo hadi senti. Tunajua nafasi aliyoshika kwenye mtihani wa majaribio. Nilisomea biashara chuoni, na jambo moja tulilofundishwa ni kwamba watu hushughulika na kile wanachokipima. Shule inapima alama, nyumba inapima alama, kanisa nalo linasimamisha wenye A mbele kwenye ibada ya shukrani. Basi mtoto anafanya hesabu yake mwenyewe, na kwa hesabu hiyo anaamini kwamba yeye ni alama.

Wapo mabinti hapa ambao wamebadilika na tumesema ni ujana tu. Ameacha kula vizuri. Ameacha kuongea na rafiki aliyekuwa naye tangu kidato cha kwanza. Anaumwa tumbo kila Jumapili ya kurudi shule. Anagawa vitu vyake. Mpendwa, hizo si tabia mbaya za kukemewa. Hizo ni habari. Yairo alipopata habari hakumkemea mtoto, alitafuta msaada.

2. Alisimama kusikiliza habari yote

Yule mwanamke alikuwa na tatizo la damu, na kwa sheria ya Walawi damu hiyo ilimfanya ahesabiwe najisi. Alitaka kupona kimyakimya na kutoroka. Yesu akasimama. Yairo ana haraka, umati unasukumana, wanafunzi wanashangaa, lakini Yesu anasubiri mpaka mwanamke anakuja akitetemeka na kumweleza ukweli wote. Halafu anamwita binti. Kwa sababu ya ugonjwa wake watu walijitenga naye, na Yesu anamrudisha katika familia kwa neno moja.

Hebu tuongee wazi, maana Biblia imeongea wazi. Wasichana wetu wanapata hedhi kila mwezi, na wapo ambao wanakosa masomo kwa sababu hawana sodo, au wanakaa darasani wakiogopa kusimama. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali itoe sodo bure, za kutosha na za ubora, kwa wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haitembei yenyewe hadi bwenini. Mzazi anaweza kuuliza kwenye mkutano wa shule: zilifika? Zilitosha? Zinatolewa na nani, na msichana akizihitaji usiku anazipataje bila aibu? Baba, swali hilo si la wamama peke yao. Yesu alikuwa mwanamume, naye alisimama mbele ya umati wote kwa ajili ya mwanamke mwenye shida ya damu.

Na kusikiliza ni kusikiliza habari yote. Msichana akianza kuongea, sisi tuliookoka tuna haraka ya kuomba. Anasema sentensi mbili, tayari tumefumba macho. Yesu hakufanya hivyo. Alisubiri amalize.

3. Aliwatoa nje waliocheka, na akazuia habari isienee

Nyumbani kwa Yairo kulikuwa na makelele. Yesu alipowaambia mtoto amelala wakamcheka. Akawatoa wote. Chumba cha mtoto anayeinuliwa hakiwezi kujaa watu wanaocheka.

Ni nani wa kutolewa kwenye chumba cha binti yako? Pengine ni ile sauti ya kumlinganisha na binamu yake kila sikukuu. Pengine ni kundi la WhatsApp la familia ambapo ripoti fomu yake ilipigwa picha na kutumwa. Pengine ni maneno ya mwalimu, na walimu mlio hapa nawaheshimu sana, mnabeba mizigo ambayo sisi wazazi tumeikimbia. Viboko viliondolewa shuleni kisheria mwaka 2001. Lakini ulimi haukuondolewa. Ukimwita msichana mjinga mbele ya darasa la wanafunzi hamsini, jioni hiyo atayarudia maneno yako mwenyewe, na hatahitaji wewe uwepo.

Halafu Yesu akafanya jambo ambalo sisi Wapentekoste linatupita. Aliwaonya sana wasimwambie mtu yeyote. Huo ulikuwa ushuhuda mkubwa! Sisi tungemsimamisha msichana Jumapili iliyofuata na kipaza sauti. Yesu aliona kwamba mtoto huyu atahitaji kuishi mtaani hapo kesho, awe mtoto wa kawaida, asiwe maonyesho.

Kwa hivyo naomba nisikike vizuri: siri ya msichana si ombi la maombi. Akikuambia jambo, usilipeleke kwenye kesha ukisema "tumwombee dada fulani, mnajua anapitia nini." Huo ni umbea umevaa kitambaa cha maombi.

Lakini kutunza siri si kuficha uovu. Msichana akisema kwamba mtu anamgusa vibaya, awe mwalimu, mjomba, mwendesha boda, au pasta, jambo hilo halimalizwi ofisini kwa mchungaji wala kwa wazee kukaa na mbuzi. Linaenda polisi na kwa afisa wa watoto, na mtoto anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na katika kanisa hili hakuna mwanamume atakayekaa na msichana peke yake faraghani kwa jina la ushauri. Hata mimi. Hata mchungaji kiongozi. Mkiona tumefanya hivyo, tuulizeni.

4. Alimshika mkono, kisha akaagiza apewe chakula

Hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika nikijiandaa. Muujiza umetendeka, wazazi wameshangaa kupita kiasi, kila mtu anataka kuimba. Yesu anakumbuka kwamba mtoto ana njaa. Anasema apewe chakula. Yule aliyeshinda mauti hakudharau tumbo la msichana wa miaka kumi na miwili.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya alikuwa amechoka kiasi cha kuomba afe. Mungu hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Jamani, huo ndio utaratibu wa Mungu kwa mtu aliyechoka: usingizi, chakula, mguso, halafu neno.

Sasa tufanye hesabu ya yule matroni. Kutoka saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri ni saa 6. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Huyo msichana anakosa saa 2 kila usiku, kwa uchache. Kwa wiki moja ni saa 14. Mwenye posho mill hapa anajua kwamba mashine ya kusaga ukiifanyisha kazi bila kuisimamisha na kuitia mafuta, itaharibika, na hatasema ina pepo. Kwa mashine tuna akili. Kwa mtoto tunasema, jikaze.

Na ile siku ya wazazi? Mama amedamka kupika chapati na kuku. Amepanda matatu mbili na ndoo ya chakula. Upendo upo, sindio? Lakini kabla mtoto hajaonja, wanapanga foleni kwa mwalimu wa darasa. Ripoti inasomwa. Wanarudi chini ya mti, kuku analiwa kimya kama matanga. Yesu alisema apewe chakula. Hakusema apewe chakula akishaeleza kwa nini hisabati imeshuka. Mwaka huu, mama, baba, chakula kitangulie. Swali la kwanza liwe, "Unalala? Unakula? Una rafiki?" Hisabati itasubiri nusu saa, haitakimbia.

Ustahimilivu unatoka wapi?

Mtu ataniuliza, "Pasta, unataka tulee watoto laini? Dunia ni ngumu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Methali hiyo ni kweli kuhusu nidhamu, nami naikubali. Lakini tusiitumie vibaya.

Chukua maduka mawili mtaani kwetu. Yote yanapata miezi miwili mibaya. Moja linafunga, lingine linaendelea. Watu wanasema, mwenye hili ana roho ngumu. Ukifungua daftari zake unaona kitu kingine. Alikuwa na akiba kidogo. Alikuwa na chama kilichomshika. Alikuwa na msambazaji aliyekubali kumsubiri. Hakuponea kwa ugumu, aliponea kwa yaliyowekwa kabla ya siku mbaya.

Ustahimilivu wa msichana uko hivyo. Ni akiba tunayomwekea, wala si ugumu tunaomdai. Tunamwambia "jikaze," lakini hatujawahi kuuliza anajikaza kwa nguvu gani, na nani aliziweka. Kila mara mtu mzima anapomsikiliza hadi mwisho, anaweka. Kila mara anaposhindwa na bado akakaribishwa mezani, anaweka. Siku ya mtihani mgumu, siku ya msiba, siku ya kuvunjwa moyo, atatoa kutoka hapo. Kama hatukuweka, atatoa nini?

Na kuweka si kazi ya wataalamu peke yao. Hapa Kenya kulifanywa utafiti wa mpango uitwao Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Walichukua wanafunzi 413 wa shule za upili waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Nusu walikaa katika vikundi vidogo mara nne, kikao kimoja kwa wiki, cha karibu saa moja. Walijifunza kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, wakajifunza kushukuru, na kutambua mambo wanayoyathamini. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza shule ya upili, waliofundishwa kazi hiyo. Na dalili zilipungua zaidi kwa kundi la kwanza. Vijana wa kanisa hili mliomaliza mwaka juzi na mnasema hamna huduma, mmesikia? Mnaweza kufundishwa kukaa na wadogo zenu.

Tena kuna mahali akiba yetu haitoshi, na kuomba msaada wa hospitali si kukosa imani. Msichana akisema amechoka kuishi, usimwambie ni pepo, usimwambie ni dhambi, usicheke. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandi wazo hilo, kunamfungulia mlango. Usimwache peke yake, na mpeleke kwa daktari au mshauri siku hiyo. Kuna namba ya watoto ya taifa, 116, inapigwa bure, mchana na usiku. Na mzazi asiogope kwamba mtoto atashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Mtoto huyo ni mgonjwa, na mgonjwa anahitaji mkono kama ule wa Yesu kwa binti Yairo.

Jibu la swali

Sasa nimalizie ile habari. Wiki mbili baadaye nilirudi ile shule pamoja na mama mmoja dikoni. Tulipitia kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha, na yule msichana akaitwa. Alikuja akiogopa, nadhani alifikiri amekosea. Nikamwambia, "Binti yangu, uliniuliza swali nikakujibu lingine. Naomba unisamehe. Jibu ni ndiyo. Ukipata D, Mungu anakutaka. Ukipata E, anakutaka. Na ukipata A, hatakutaka zaidi ya anavyokutaka sasa hivi."

Nikamwonyesha Marko 5. Yule binti wa Yairo hakuwa na kitu cha kuonyesha. Hakuwa na imani ya kutangaza, hakuwa na alama, hakuwa na pumzi. Alikuwa amelala hapo hawezi chochote, na Yesu aliacha umati wote akamwendea, akamshika mkono. Kama Mungu anatutaka kwa sababu ya tunachoweza, huyo msichana angezikwa jioni hiyo.

Yule dikoni, mwanamke wa vitendo, akaongeza: "Na D yenyewe si kaburi." Akamweleza utaratibu ulivyo sasa: digrii inaanzia C+, diploma C-, kozi za cheti D, na ufundi wa awali hata mwenye E anapokelewa. Soma kwa bidii, akamwambia, lakini usisome kama mtu anayekimbizwa.

Msichana alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Pasta, hiyo ya kwanza... unaweza kumwambia mama yangu pia?"

Wapendwa, hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yenye uzito kama sentensi hiyo. Alikuwa tayari kuamini kwamba Mungu anamtaka. Hakuwa na uhakika na nyumbani.

Alinipa ruhusa kuisimulia bila jina. Mama yake si wa kanisa hili, na nilimpata kwa njia ya shule, tukaongea, akalia sana, kwa sababu alimpenda mtoto huyo kuliko macho yake. Alikuwa anauza nguo za mitumba ili karo ilipwe. Kila mara alipomwambia "usiniangushe," alidhani anamtia moyo. Wangapi hapa tumesema neno hilo?

Najua mnataka kuniuliza alipata nini. Sitawaambia. Na ukiona unasumbuka kujua, basi mahubiri haya ni yako, kama yalivyo yangu, kwa sababu hata mimi matokeo yalipotoka ndilo jambo la kwanza nililotafuta.

Wiki hii tufanye nini?

Kwanza, kila mzazi mwenye binti shuleni amwandikie barua ya mkono, ukurasa mmoja, isiyotaja masomo hata mara moja. Mwambie unampenda na kwa nini. Kama kuandika ni shida, kuna vijana watakaa mezani nje baada ya ibada, wakuandikie unavyosema.

Pili, kapu la sodo liko mlangoni. Wanaume, pakiti moja haitakuua.

Tatu, timu ya siku za maombi mwaka huu itakuwa na wamama wasiopungua nusu. Baada ya maombi hatutakimbilia chai. Tutabaki saa moja, tukae uwanjani mahali pa wazi, tusikilize. Tutauliza walimu na matroni pia wanaendeleaje, maana anayebeba watoto mia mbili usiku naye huchoka.

Nne, tuandikie bodi ya shule tulizo na watoto, kwa heshima, tuombe usingizi wa wanafunzi ujadiliwe. Wazazi mko kwenye bodi hizo. Semeni.

Tuombe

Bwana Yesu, ulimwendea binti ambaye hakuweza kukuita. Waendee mabinti zetu usiku huu bwenini, anayelala na asiyelala. Tusamehe tulipowaombea bila kuwasikiliza, na tulipowadai nguvu ambazo hatukuwawekea. Wape watahiniwa akili tulivu na moyo usioogopa. Watoe waliocheka. Utufundishe kushika mkono, kutunza siri, kusema ukweli, na kuandaa chakula. Na matokeo yatakapokuja, yoyote yale, binti akifika mlangoni akute tumemtaka kabla hajafungua mdomo. Amina.

Mwambie jirani yako: chakula kitangulie.